Kijiwe cha kahawa Ujiji, kwa wale wenye mzee wa presha nyumbani

Nyota 4 kati ya 5, natanguliza ili wavivu wa kusoma muondoke mapema. Wenye baba au babu anameza dawa za presha na hataki hata kusikia habari ya kuacha kahawa, nyie kaeni kitako, hii nimewaandikia nyie.

Kijiwe chenyewe hakina jina wala bango. Unapanda daladala ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenda Ujiji, ukishuka uliza muuza kahawa wa chini ya mwembe, utaonyeshwa miembe mitatu, wewe nenda kwenye ule ambao wazee wanabishana. Ujiji kila mtu ana mwembe wake wa kujivunia tangu Stanley alivyomkuta Livingstone pale mwaka 1871, na hapa kijiweni kuna mzee mmoja anasimulia ile siku utadhani yeye ndo alikuwa anamimina kahawa.

Mi ni mwanamke na najua kijiwe ni mahali pa wanaume, ila niliingia kwa kesi maalumu. Baba yangu ana miaka 71, mstaafu wa bandarini, anameza dawa za presha, amlodipini miligramu 10 na losatani 50, mwaka wa sita huu. Mwezi wa pili alienda kliniki yake akapimwa ikasoma 168 kwa 97. Daktari keshashika kalamu aongeze dawa ya tatu, bahati nzuri nesi akamuuliza mzee asubuhi umekunywa nini, mzee kwa kiburi chote akajibu finjani tatu za kahawa halafu nimepandisha mlima kwa miguu maana bodaboda wanaibia watu. Wakamkalisha, wakampima tena baada ya muda ikasoma 148 kwa 86. Bado iko juu, ndio, lakini si ile ya kuongezewa dawa siku hiyo hiyo.

Nyumbani habari ikafika kivingine. Dada yetu mkubwa yuko Dar akapiga simu akatoa amri, kuanzia leo baba hanywi kahawa, basi. Mzee akanyamaza, na mzee wetu akinyamaza ujue kuna jambo. Siku ya pili kichwa kinampasuka, hasemeshwi, anataka ameze amlodipini mbili kwa mpigo eti presha imepanda, tumempima wala haijapanda. Kumbe ni kahawa, mwili umenyimwa ghafla kitu ulichozoea miaka hamsini. Yule binti wa duka la dawa alinielekeza vizuri, kwamba mtu akikata kahawa ghafla kichwa kinaanza kuuma baada ya masaa 12 mpaka 24, siku ya pili ndo balaa lenyewe, na inaweza kwenda mpaka wiki nzima hata zaidi. Akanikumbusha na kitu kingine ambacho wengi hatukijui, zile dawa za kichwa zilizoandikwa Extra ziangalie kwanza, Panadol Extra kidonge kimoja kina kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, miligramu 65 ndani yake, ukimeza viwili ni 130, yani umemnyima mzee kahawa ya finjani ukampa ya kidonge. Nikanunua panadol ya kawaida. Na dawa ya presha haongezewi mtu kwa kubahatisha, anameza aliyoandikiwa basi.

Ndo tukakubaliana mimi na baba, tunapunguza polepole, na mimi naenda naye kijiweni kuhesabu. Wiki tatu nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nahesabu finjani za mzee mtu mzima. Alikuwa ananiambia mama, unaniaibisha mbele ya wenzangu, mi namjibu baba, nimekuja kunywa kahawa kama wateja wengine.

Sasa kahawa. Jamani kahawa ya hapa ni kahawa. Muuzaji anachukua arabika ya huku huku kwetu, ya milima ya Kalinzi, anaikaanga mwenyewe kwenye chuma mpaka inakuwa nyeusi inang'aa mafuta, anatwanga kwenye kinu na tangawizi kidogo, anachemsha kwenye dele juu ya mkaa. Hakuna sukari, sukari iko kwenye kashata. Finjani shilingi 200, kashata 200, ya karanga nzuri kuliko ya nazi. Harufu unaipata kabla hujaona moshi. Na hili la arabika si mbwembwe tu, kwa mzee wa presha lina maana, robusta ambayo ndo nyingi kule Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwahiyo finjani ya hapa na finjani ya kwa shemeji yangu Bukoba si finjani moja hata kama zinafanana kwa macho.

Nilitaka kujua mzee anakunywa kiasi gani hasa, nikaenda na bomba la sindano la mililita 10, jipya, nikajaza finjani kwa maji wazee wote wananiangalia kama mchawi. Bomba saba. Mililita 70. Haya sasa hesabu, kahawa ya kawaida kikombe kikubwa cha mililita 240 huwa na kafeini kama miligramu 95, kwahiyo finjani ukiipigia kwa hesabu hiyo ni kama 28, lakini hii ya kijiweni imechemka imekaa mkaani imekuwa nzito, mi naihesabu 40 ili nisijidanganye. Mtu mzima mwenye afya yake anaambiwa asivuke miligramu 400 kwa siku na asinywe zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja. Hizo ni za mwenye afya yake, mzee wa presha na moyo yeye dari lake liko chini zaidi na anatakiwa aulizane na daktari wake. Baba yangu alikuwa anapiga finjani 4 asubuhi, 3 alasiri, 2 baada ya Isha. Tisa. Pigeni wenyewe hapo.

Ile ya baada ya Isha ndo niliichukia kuliko zote. Kafeini haitoki mwilini haraka, kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kama masaa 5 ipungue nusu tu, kwa hiyo aliyokunywa saa 2 usiku, saa 7 usiku nusu yake bado inazunguka. Mzee anajigeuzageuza, anaamka kwenda chooni gizani mara tatu, sasa ongeza na wale wazee wenzake wanaomeza dawa ya kukojoa, bendro au lasiksi, na kahawa nayo inasukuma mkojo kidogo, mtu anaenda chooni usiku kama ana zamu ya ulinzi. Mzee wa watu akianguka akavunja nyonga hapo tutasema presha? Hiyo ya usiku tukaifuta ya kwanza, na wala hakulalamika sana maana mwenyewe usingizi ulirudi siku ya nne.

Na mashine nilikuwa nayo, ile ya kufunga mkono juu ya kiwiko, tulinunua kwa kuchangishana. Nilimpima asubuhi moja kabla ya kahawa, ametulia dakika tano, miguu haijapishana, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani usawa wa moyo, ikasoma 136 kwa 82. Finjani mbili, baada ya dakika 40 nikampima tena, 144 kwa 87. Kesho yake akanywa ya tangawizi tupu, kabla 137, baada 135. Huyo ni baba yangu mmoja na siku mbili, msiende kuhutubia nayo. Ila inaendana na tunayoambiwa kliniki, kwamba usipime presha mpaka ipite angalau nusu saa tangu unywe kahawa au uvute sigara, na kwamba aliyezoea kahawa haimpandishi sana kama asiyeizoea. Asiyezoea ndo wa kuangaliwa, mama mkwe anayekunywa chai ya rangi siku zote umempeleka kijiweni siku moja ukampigisha finjani tano kwa heshima, presha inaweza kuruka hata alama 10 hapo hapo.

Kwahiyo kosa la baba siku ile kliniki lilikuwa kunywa kahawa, kupanda mlima, halafu kupimwa hapo hapo, daktari angemuandikia dawa ya kutibu mlima. Siku za kliniki sasa hivi anabeba finjani yake kwenye chupa ya chai ndogo, anapimwa kwanza, akitoka ndo anakunywa akiwa kwenye foleni ya dawa. Vidonge vyake hakosi, anameza na maji asubuhi kama kawaida.

Sevisi. Hapa ndo nyota zimetoka. Muuzaji ni mtu wa makamo, namwita mjomba, na ana ubao wa madeni wenye mistari ya chaki, kila mteja na jina lake. Siku ya pili nikamuomba, mjomba, nawe msaidie huyu mzee, mchoree mstari kila finjani hata kama amelipa. Akacheka akasema, mwanangu mi nauza kahawa siyo daktari, ila mzee wako akifika ya tatu ntamwambia dele limekauka. Na kweli. Nilimsikia kwa masikio yangu, dele linafuka moshi, yeye anamwambia baba limekauka mzee, kuna hii nyingine. Hiyo nyingine ni birika la pili, tangawizi na mchaichai bila kahawa, bei ile ile 200, wazee wanaidharau wanaiita maji ya wazazi. Baba wiki ya kwanza aliikataa, wiki ya pili akawa anaichukua kama ya mwisho, sasa hivi ratiba yake ni kahawa 2 asubuhi, 1 alasiri, zinazobaki maji ya wazazi. Na wenzake wawili wamemfuata, hawasemi kwamba wamemfuata.

Kuna muuzaji gani mwingine anakataa hela ya mteja kwa ajili ya presha yake? Sijamuona.

Sasa lawama. Ya kwanza ni maneno ya kijiweni. Kuna mzee pale anafundisha wenzake kwamba kahawa chungu inakata mafuta inashusha presha kwahiyo siku ukinywa nyingi unaweza kuruka kidonge. HAPANA jamani. Kidonge hakirukwi. Na kahawa ya kuchemsha bila kuchuja, mafuta yake ndo yenyewe yanapandisha ile kolesteroli mbaya, mashapo yakitulia chini mafuta bado yako juu unayanywa. Chujio la karatasi ndo linayazuia. Nilimwambia mjomba habari ya chujio akaniangalia kama nimemtukania dele, nikaacha. Nyumbani baba namchujia kwa karatasi, anasema haina roho.

Ya pili, wazee wanameza vidonge kwa kahawa, eti inashuka vizuri. Ndoo ya maji ya kunywa ipo pale pale. Kwa amlodipini kahawa wala si ugomvi mkubwa, lakini mzee hamezi kimoja, ana vya damu, ana vya tezi, ana vya mifupa, na humo vipo ambavyo kahawa inavizuia visiingie mwilini vizuri, vya madini ya chuma na vya tezi shingoni ndo mfano. Maji tu yanamaliza mjadala. Tena cha kushangaza watu wanaogopa kahawa halafu mtu anameza nifedipini, dawa ya presha ndugu yake amlodipini, anashushia na juisi ya balungi, na balungi ndo lenyewe linagombana na dawa za kundi hilo, linafanya dawa izidi kwenye damu presha ishuke kupita kiasi. Ukiona miguu imevimba na kizunguzungu, angalia na mti wa balungi nyuma ya nyumba.

Hili la dawa kugombana lilitupata wenyewe wiki ya pili. Baba alipatwa na UTI akaandikiwa sipro, ile antibayotiki. Kahawa ileile, finjani tatu zilezile, lakini moyo unamdunda, mikono inatetemeka, usiku macho makavu. Nikakimbilia mashine, presha imepanda kidogo, mapigo 104. Yule binti wa famasi alivyosikia tu sipro na kahawa akasema simamisha kahawa mpaka amalize dozi. Sipro inazuia ini lisiivunje kafeini kwa kasi yake, kwahiyo finjani tatu zinakaa mwilini kama sita. Akaniambia verapamili, ambayo wengine wanapewa kwa moyo na presha, nayo ina tabia hiyo hiyo. Tangu hapo kila akiandikiwa dawa mpya naulizia na kahawa, hata iwe ya minyoo.

Kwa wale wa mapigo ya moyo yasiyoenda sawa, wazee wa digoksini na propranolo, hapa sina uzoefu wa nyumbani. Zamani walikuwa wanakatazwa kahawa wote kwa jumla, siku hizi madaktari wengi hawakatazi jumla, wanasema angalia mwili wako, ukinywa moyo ukaanza kurukaruka acha. Kaulizeni kwa daktari wake anayemjua, si kwa mimi wala si kwa mzee wa Stanley.

Nani asifike kabisa pale? Mwenye presha kali ambayo haijakaa sawa. Kuna utafiti wa Japani ulitoka 2022, watu zaidi ya 18,000 wa miaka 40 mpaka 79, waliwafuatilia karibu miaka 19. Wale wenye presha kuanzia 160 kwa 100 waliokuwa wanakunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari kama mara mbili ya kufa kwa moyo au kiharusi kuliko wenzao wenye presha hiyo hiyo wasiokunywa kabisa. Kikombe kimoja hakikuonyesha hivyo, wala chai ya kijani. Haisemi moja kwa moja kahawa ndo imewaua, huenda na mengine yalikuwepo, ila mimi baba yangu angekuwa anasoma 170 kila asubuhi nisingekaa kwenye ndoo nahesabu, ningempeleka kwenye maji ya wazazi moja kwa moja mpaka dawa zimkamate.

Nimpe haki yake mjomba nilinganishe na pengine. Kuna mgahawa mmoja Mwanga, viti vizuri, feni, nilimpeleka baba siku ya mvua. Kahawa ya kopo kwenye kikombe kama bakuli, vijiko viwili vimejaa, shilingi 2,000, nikamuuliza mhudumu hii ina kafeini, akanijibu kwa kujiamini kabisa hapana mama hiyo ya unga haina. Ina! Ya unga kikombe cha kawaida ni kama miligramu 60, na hata ile iliyoandikwa imetolewa kafeini huwa inabaki nayo kidogo. Kaka yangu naye kila akija anamletea bibi kinywaji cha enaji "apate nguvu", mwanamke wa miaka 80 mwenye moyo uliotanuka! Someni ubavuni mwa chupa imeandikwa kafeini ngapi kwa kila mililita 100 halafu zidisheni kwa chupa nzima, mtaziweka chini wenyewe. Hapo kijiwe kinashinda mbali kwa sababu finjani ni ndogo na mtu anakunywa polepole anabishana, na chai ya rangi nayo msiisahau, kikombe kikubwa ni kama 47.

Lakini nikiwa mkweli kabisa, kwa wiki tatu zile kilichokuwa kinanitisha pale si dele, ni yule mama wa jirani anayekaanga dagaa wa chumvi, wazee wanakula kwa ukucha kimya kimya mpaka karatasi inaisha. Chumvi ya siku nzima inatakiwa isivuke gramu 5, kijiko kimoja cha chai, mle kwenye karatasi moja sijui imebaki ngapi ya ugali wa jioni. Kahawa ndo inasingiziwa kila kitu kwa sababu inanukia.

Mengine ya haraka. Anafungua baada ya swala ya Alfajiri mpaka kama saa 3, anarudi saa 10 jioni, Ijumaa mchana hayupo. Beba chenji, hana. Choo hakuna, cha msikitini ndo msaada, na kwa wazee wa dawa ya kukojoa hilo si dogo. Wanaovuta sigara wakae upande ambao upepo unapeleka moshi ziwani, wanajua wenyewe ila hawasikii. Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya benchi, ni ubao tu juu ya matofali hauna pa kuegemea, wazee wanakaa wamejikunja masaa mawili. Mjomba ameahidi akiuza vizuri msimu huu atawatafutia lenye mgongo, na baba kashaniuliza likija nitaacha kuja na ile ndoo yangu.